Uzi wa Buluu Mdomoni mwa Bosi

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Ukiingia chumba chake cha kushonea na uzi umechomoza kwenye kola yako, mkono wake unafika kabla ya salamu. Anaushika kwa vidole viwili, anauvuta mara moja, umekwisha. Miaka ishirini na saba kwenye cherehani ilimzoesha hivyo, na wateja wakamzoea.

Ndiyo maana asubuhi ile, alipomkuta paka amejikunyata chini ya meza ya kukatia, mate yanamchuruzika na ncha ya uzi wa buluu inachungulia pembeni mwa mdomo, Fundi hakufikiri. Aliinama akauvuta.

Uzi uligoma. Akauvuta tena, safari hii kwa nguvu. Paka alitoa mlio ambao Fundi hajawahi kuusikia, na uzi ukakatika. Mkononi mwake kilibaki kipande cha shubiri moja, kimelowa, mwishoni kina wekundu. Fundi alikikunja akakitia mfukoni mwa gauni kama mwizi, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

Paka mwenyewe aliitwa Bosi, na alikuwa wa mumewe. Mzee huyo, dereva wa malori aliyestaafu, hupenda kusema kwamba nyumbani kwake yeye ni kibarua tu, bosi ni yule pale aliyelala kwenye kiti kizuri. Kila baada ya miezi sita alikuwa akimbeba kwenye kikapu hadi kwa daktari wa wanyama. Bosi anachanjwa, anapewa dawa ya minyoo, anapapaswa tumbo na kukaguliwa meno, kisha kadi inapigwa muhuri. Magoti ya mzee yalipoharibika, kazi hiyo akakabidhiwa Fundi, naye akawa anapiga kalenda. Mara sare za shule, mara cherehani mbovu, kila akiulizwa ni wiki ijayo. Hata Bosi alipoanza kutapika juzi, alisema ni manyoya tu aliyojilamba.

"Unampeleka wapi?" mumewe aliuliza alipoona kikapu.

"Kwa daktari. Ile chanjo yake."

"Leo jua limechomoza wapi?" Mzee alicheka. "Mwambie asimpige daktari makucha."

Fundi alicheka kwa meno tu, akabeba kikapu akatoka.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanawe, mwenye sauti ya upole. Upole huo ndio uliomtisha Fundi zaidi. Alifungua kadi akaitazama kwa muda.

"Mama, miezi kumi na minne hajaletwa! Mzee alikuwa hakosi." Akamwinua Bosi taratibu. "Kuna kitu amekula? Kamba, uzi? Nauliza kwa sababu wewe ni fundi. Nilishamwambia mzee vipande vya nyuzi vifungiwe kwenye kopo."

Kopo lilikuwepo. Fundi alikuwa amelijaza vifungo.

"Sijaona," alisema. Neno lilitoka lenyewe, kwa woga wa kulaumiwa, na likishatoka, kulirudisha kukamshinda.

"Hapa chini ya ulimi pana kidonda."

"Labda mfupa wa samaki." Uongo wa pili ulitoka bila shida hata kidogo.

Daktari alipapasa tumbo, Bosi akanguruma. "Linamuuma. Lakini kwa unavyonieleza, tuanze na sindano ya kuzuia kutapika na maji kidogo. Nenda naye nyumbani, umwangalie. Asipopata nafuu, kesho asubuhi mapema umrudishe."

Fundi alitoka na kikapu, akakaa kwenye benchi la nje kufunga kifuniko vizuri. Kwa dakika moja hivi alijiona ameponyoka. Kisha akamsikia Bosi ndani ya kikapu akipumua kwa shida, na fikra zikaenda kwenye jambo analolijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Ukitaka marinda, unapitisha uzi kwenye kitambaa, unafunga ncha moja, unavuta ya pili. Kitambaa kinajikunja chenyewe, kinakusanyana. Ukizidi kuvuta, kinachanika.

Chini ya ulimi uzi ulikuwa umefungika. Na yeye alikuwa amevuta. Mara mbili.

Alirudi ndani mbio, akampita mtu na mbwa wake bila kuomba radhi, akatoa kile kipande mfukoni akakiweka mezani.

"Nimekudanganya, mwanangu. Niliuvuta mimi."

Daktari alikitazama, upole wote ukamtoka usoni. "Kesho huyu asingekuwepo," alisema, na tayari alikuwa anafungua kikapu. "Tunampasua sasa hivi."

Fundi alibaki kwenye benchi peke yake. Simu ikalia. Alitamani kuiacha ilie mpaka ichoke.

"Vipi, Bosi kalia sindano?" Mzee alikuwa bado na kicheko.

Fundi alimweleza yote: uzi, kuvuta, uongo, hata kopo la vifungo.

"Mume wangu?"

"Nakuja," mzee alisema, akakata.

Alikuja kwa miguu na fimbo yake, na magoti yale. Alikaa benchini, na Fundi hakuthubutu kumtazama usoni. Alikuwa anaogopa mlango wa daktari ufunguliwe, na anaogopa usifunguliwe.

Ulifunguliwa jua likiwa limepinda. "Utumbo ulikuwa umejikunja wote kwenye uzi," daktari alisema, "na umechanika sehemu mbili. Nimeshona. Yu hai. Lakini siku tatu hizi siwaahidi kitu."

Waliruhusiwa kumwona. Bosi alilala ubavu, ulimi nje kidogo, tumbo limenyolewa, tupu kama la mtoto mchanga, na mshono umepita katikati. Ulikuwa mshono mzuri, wa hatua sawa. Fundi aliuona hivyo kabla hajaona kitu kingine. Mwishoni, juu ya fundo, ncha ya uzi ilikuwa imesimama.

Mkono wa Fundi ulikuwa tayari uko njiani, vidole viwili vimeshakutana. Aliuona mwenyewe, na siku nzima ile hakuwa ameogopa kitu kama alivyouogopa mkono ule. Alitaka kuurudisha, ukagoma.

Mzee aliushika. Aliubana kwa nguvu ndani ya kiganja chake, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.