Gari Lililozimika Mbele ya Nyumba ya Sikio

Karakana nzima ilimwita Sikio, kwa sababu hakuwa mtu wa kufungua injini kabla ya kuisikiliza. Basi likiingia uani, yeye alisimama kando, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akautaja ugonjwa wake, na mara chache sana alikosea. Mkewe alizoea kumtania kwamba anasikia plagi mbovu mtaa wa tatu, lakini akiitwa kula hasikii.

Siku jeki ilipoteleza na giaboksi ikamwangukia kiunoni, nyumbani walilia kwa mengine, si kwa pesa. Miaka yote kampuni ya mabasi ilikuwa ikimkata mshahara kwa ajili ya bima ya ulemavu. Watu wa bima walifika hospitalini na tabasamu na kalamu za bure, wakamwambia, "Mzee wetu, wewe pumzika tu." Akapumzika, angefanya nini? Alitoka huko akiwa mtu wa kukaa kidogo na kulala sana, mguu wa kushoto anauburuta kama mtoto anayegoma kwenda shule.

Malipo ya kila mwezi yalikuja. Kodi ikalipwa, binti yao wa mwisho akabaki chuoni. Kisha miaka miwili ikapita na bima ikabadilisha swali. Mwanzo waliuliza kama anaweza kurudi kwenye kazi yake ya ufundi. Sasa wakauliza kama anaweza kufanya kazi yoyote ile, hata ya kukaa getini na kuhesabu magari. Wakiridhika kwamba anaweza, malipo yanakatwa, na kazi yenyewe ajitafutie. Nani wa kumwajiri mlinzi anayelinda akiwa amelala chali, hilo halikuwa swali lao.

Vita hivyo alivibeba mkewe. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na kila siku ya mapumziko aliimalizia kwenye mabenchi ya ofisi ya bima. Alijua dirisha gani wanasema njoo kesho kwa upole na lipi wanasema kwa ukali. Cheti cha daktari akikipeleka, kimepitwa na wakati. Akipeleka kipya, kile cha zamani kiko wapi? Walimpiga danadana mpaka akaanza kuwajua kwa viatu vyao. Jioni alirudi nyumbani na kumfundisha mumewe kuugua mbele za watu.

"Mtu akikuuliza hali, usimwambie unaendelea vizuri. Mwambie panapouma."

"Sasa mtu ananijulia hali, nimlilie?"

"Mlilie, baba watoto. Hawa hawalipi subira."

Sikio alicheka, akageukia ukutani. Hakuwahi kuomba huruma ya mtu yeyote, na hakuona aanzie wapi na mvi zile.

Asubuhi moja mkewe alikwenda kliniki kufuata ripoti nyingine. Gari dogo likazimika mbele ya nyumba. Kijana mwenye shati safi alishuka, akapiga stata, ikalia bila kuwaka, akapiga tena. Sikio alikuwa amelala karibu na dirisha. Alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu aliita, "Acha! Utaua betri hiyo!"

"Shikamoo, mzee. Nimekwama, na nina mgonjwa nampelekea dawa."

Hapo tena nani angemzuia? Alijikokota mpaka nje huku ameshika ukuta, akaegemea boneti na kuinama. Waya wa koili, unaopeleka moto kwenye plagi, ulikuwa umechomoka. Aliurudisha. Angeishia hapo, lakini fundi akishaona plagi chafu hawezi kuifumbia macho, akaomba spana, akazisafisha zote moja baada ya nyingine.

Mkewe alirudi akamkuta viganja vyeusi kwa mafuta, jasho linamtoka, anamsimulia yule kijana habari za basi lililokuwa likikohoa kila Jumatatu. Na anacheka. Mwanamke alisimama barabarani, moyo ukamjaa. Badala ya kumkaripia mumewe, alichemsha chai, akamkaribisha mgeni, akamwambia kwa furaha yake yote, "Mwanangu, leo umenirudishia mume wangu."

Kijana alikunywa chai hadi tone la mwisho, akashukuru, akaenda zake. Usiku huo Sikio hakuweza kugeuka kitandani, na siku zilizofuata mkewe alimlisha na kumsafisha kama mtoto mchanga. Sikio hakulalamika. Alisema gari lile sasa litawaka vizuri.

Wiki chache baadaye waliitwa ofisini. Ofisa wa madai, mwanamke mdogo mwenye sauti ya taratibu, aliwageuzia kompyuta. Picha zilikuwa zimepigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Sikio ameinama ndani ya injini, Sikio anakaza spana, Sikio anacheka. Kisha ofisa akawasomea ripoti: mke wa mdai amethibitisha kwamba mumewe amerudia hali yake ya kawaida.

"Uongo!" mkewe aliruka. "Baada ya hapo alilala siku nne, hawezi hata kwenda msalani!"

"Mlikwenda hospitali siku hizo, mama? Kuna cheti?"

"Ningempelekaje mtu asiyeweza kuinuka?"

"Basi hakuna kumbukumbu," alisema ofisa, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma mama wa watu kuliko tusi. Alijichukia kwa ile chai. Alijichukia zaidi kwamba siku pekee ambayo nyumba yake ilipata furaha, yeye mwenyewe ndiye aliyeitolea ushahidi.

Malipo yamesitishwa, ofisa alisema. Rufaa ni moja tu, nao walikuwa wameshaitumia malipo yalipotishiwa kukatwa mara ya kwanza.

 Macho ya Sikio yalikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu," aliuliza, "ule waya kijana yule aliuchomoa mwenyewe?"

"Taratibu za uchunguzi hatuzijadili hapa, mzee."

"Sizijadili. Nauliza tu. Maana mimi nilijua amekwama kweli."

Ofisa alianza kukusanya karatasi zake. Mkewe alikuwa ameshainuka, mkoba begani, machozi ya hasira yanamtiririka, akamshika mkono waondoke. Sikio hakutoka. Alijiinua, akasimama ameshikilia ukingo wa meza, anamtazama yule ofisa kwa adabu, anasubiri ajibiwe.