Mama Asenath na Kura Iliyosemwa kwa Sauti

Watu wakinisifu kwamba nimemfundisha Mama Asenath kusoma, natamani ardhi ipasuke inimeze. Nyamazeni, jamani. Hamjui mnamsifu nani.

Mama Asenath alikuwa mjane wa kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kutoka Garsen, mkulima wa mpunga na ndizi kando ya mto Tana. Kwa miaka ishirini ndiye aliyefua kitambaa cha meza ya Bwana na kuosha vikombe vya ushirika. Hakuruhusu mtu mwingine aviguse. Ukimwambia apumzike, anakujibu, "Kwani nimekufa?" Ulimi alikuwa nao huyo mama. Lakini Jumapili ya ushirika akipiga magoti mbele, uso wake ulitulia mpaka sisi wenye mioyo migumu tukaona haya. Meza ile ndiyo iliyokuwa furaha yake baada ya kumzika mumewe. Kusoma, hakujua hata herufi moja.

Mwaka wa tisini na saba mvua ya El Nino ilitushukia. Mto ukameza mashamba, nyumba na njia ya kwenda Garsen. Sisi wakulima tukakimbilia nyanda za juu, kwa wafugaji. Mama Asenath na wajukuu wake walikaa wiki sita bomani kwa Darmi, mke wa Abdikarim. Walipewa maziwa, wakapewa ngozi za kulalia, na hakuna aliyewauliza wanamwabudu Mungu vipi.

Uchaguzi ukatukuta bado tuna tope miguuni. Abdikarim huyo huyo alikuwa akigombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa Pekeshe, mzee wa kanisa letu, aliyekuwa diwani kwa miaka mitano na zahanati ikakosa dawa mbele ya macho yake. Jumapili kabla ya Krismasi mchungaji alitusimamisha wote. Alisema kura ya Mkristo ni ya Mkristo, na anayeweka nadhiri hiyo mbele za Mungu ainue mkono. Mikono ikapanda. Wa Mama Asenath ulipanda mwisho, nusu nusu, baada ya mke wa mchungaji kumgeukia na kumkazia macho.

Tulipotoka nje akaniambia, "Joji, huyu diwani tunamtaka atuombee au atuletee dawa?"

Nikacheka tu. Nilikuwa karani wa kanisa, na siku ya kura ningekuwa wakala wa Pekeshe.

Tulipigia kura darasani, kwenye shule iliyokuwa mwinukoni. Kabla ya kuanza, mawakala wote tuliapa kwamba siri ya mpiga kura haitatoka nje. Mimi niliapa mkono juu ya Kitabu. Dukicha, mdogo wake Abdikarim, ambaye ndiye aliyekuwa wakala wake, aliapa kwa dini yake. Asiyejua kusoma alitaja kwa sauti jina la anayemtaka, msimamizi akamwekea alama kwenye karatasi, nasi tukishuhudia.

Mama Asenath aliingia saa nne, kichwani amejifunga kile kitambaa cheupe cha siku za ushirika. Msimamizi, mgeni kutoka Malindi, alimuuliza udiwani anampa nani. Mama akamtazama Dukicha. Kisha akanitazama mimi, akanitazama hasa.

"Abdikarim," akasema.

Sauti yake haikutetemeka. Aliyeinamisha macho ni mimi.

Pekeshe alishindwa kwa kura chache. Wiki hiyo hiyo mchungaji akaniita ofisini. "Karani, wewe ulikuwa mle ndani. Nani kavunja nadhiri?"

Nikamwambia nimeapa kutosema.

"Uliapa kwa serikali," akasema. "Mimi nakuuliza kwa ajili ya kanisa."

Ebo! Kana kwamba yule Mungu wa kiapo cha shuleni alikuwa mwingine! Jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Pale ofisini nilitaka kubaki karani, basi. Nikamtaja.

Baraza la wazee likamtenga Mama Asenath na meza ya Bwana. Uamuzi huo niliuandika mimi mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu, kwa mwandiko wangu mzuri wa kujivunia. Vikombe akapewa mwingine. Jumapili ya ushirika mama alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, hajui aifanyie nini. Hakulia. Afadhali angelia.

Nani alisema? Mama Asenath aliona jibu liko wazi: Dukicha. Lazima alijigamba sokoni Garsen kwamba hata mama wa vikombe kawapigia kura wao. Darmi alipoleta kibuyu cha maziwa kama kawaida yake, Mama Asenath alimfungia mlango. Darmi akabaki uani akiita, "Mama Asenath! Mama Asenath, nimekukosea nini?" Mimi nilikuwa nikipita njiani. Nilisikia yote, nikakaza mwendo.

Mwezi wa pili mama akaja kwangu. "Nifundishe kusoma, Joji. Kura ijayo sitaki masikio ya mtu. Siku ile nilikutazama wewe nikapata nguvu. Nilijua huyu ni mwanangu, hatanisaliti."

Ilinipasa niseme pale pale. Nikasema, "Tuanze kesho."

Tulisoma barazani kwake kila alasiri, kwa chaki na mfuniko wa sanduku. Alikuwa mwepesi, na mtani. "Kumbe 'ba' ni hiki kidudu tu, na mlikuwa mkituringia hivyo?" Neno likimkubali alijipiga paja kwa furaha. Mimi nilicheka naye, na moyo ukiniuma kweli kweli.

Mwaka ulipokaribia kwisha akaniomba kitabu cha kanisa. "Nataka kuona nilivyoandikwa." Kwa wiki mbili nilimwambia ufunguo wa kabati uko kwa mchungaji. Ulikuwa mfukoni mwangu. Mwisho nilichoka kuubeba. Nikakileta kile kitabu, nikamfungulia ukurasa wake.

Alisoma kwa kidole. "A-se-na-thi... a-me-te-ngwa..." Akasogeza kidole, akaendelea. "Sha-hi-di... ka-ra-ni... Jo-ji."

Akalirudia jina langu, kama mwanafunzi anayedhani amekosea.

"Nimesoma sawa?"

"Umesoma sawa, mama."

Kidole hakikuondoka. "Mwaka mzima namfungia Darmi mlango," akasema. "Mwaka mzima, Joji! Na wewe unakuja hapa kunifundisha a na e."

Nilipiga magoti, nikalia, nikamwomba msamaha.

"Hebu nyamaza. Ungeniambia siku ile, ningekuwa nimeshakusamehe. Sasa ndiyo kwanza naanza leo, na sijui nitamaliza lini."

Akakifunga kitabu, akajitanda leso, akashuka barazani. Nikadhani ananifukuza.

"Inuka, twende bomani. Darmi atayasikia kwa mdomo huo huo ulioniuza kwa mchungaji."

Nikainuka. Alitangulia yeye, nami nikamfuata nyuma.