Gari lililomtupa mama mkwe begani mwangu

Kwetu mama mkwe haguswi. Hata maneno hamsemezani moja kwa moja: ukiwa mbele ya pua yake, atayapitisha kwa binti yake, nawe utangoja kana kwamba uko Kisangani. Sasa fikirini aibu yangu. Gari langu lilitoka Uganda, usukani uko kulia, na mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, kushoto, kwa sababu ya magoti yake. Pale barabara ya Lumumba nikakanyaga freni kwa ajili ya mbuzi. Gari likaruka kushoto kama limeitwa jina, mama mkwe akaniangukia begani, mzimamzima.

Akajiondoa polepole. Bila kunitazama, akamwambia mke wangu aliyekuwa nyuma: "Ambia bwana yako, sitapanda tena hii kitu mpaka ijue kusimama. Alhamisi nitaenda na miguu."

Alhamisi ndiyo siku yake ya sindano. Kutoka Saio, mtaa wetu, mpaka dispansari, kwa magoti yale, ni safari ya Yerusalemu, na pikipiki zilimtikisa mpaka meno.

"Mama akienda na miguu," mke wangu akaniambia nyumbani, "weye utalala mu gari yako."

Mimi nilisoma mekaniki miaka mitatu, masomo ya jioni. Diploma yangu imetundikwa juu kuliko picha ya harusi. Nikawaza: gari linavuta kushoto, basi ugonjwa uko kushoto. Nikabadilisha plakete za gurudumu la kushoto, vile vibao vinavyobana diski. Nikajaribu. Likavuta kushoto maradufu! Na huku kwetu magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko malori yanakotokea. Nikapima upepo wa matairi. Nikayahamisha, la huku huko. Nikalala chini ya gari mpaka kuku wa jirani wakanizoea. Nikalaumu barabara, nikamlaumu mbuzi. Kadiri nilivyotengeneza ndivyo lilivyozidi, kichwa changu kikawa majani ya sombe yaliyotwangwa.

Jumatano mchana nilirudi kutoka jaribio la mia moja. Mama mkwe alikuwa uani na binti yake, ameshika kikombe cha maji ya kumezea dawa. Akasogea, akachovya vidole, akanyunyizia diski ya kushoto kupitia matundu ya rimu, vile anavyopima kikaango kabla ya kukaanga ndizi. Chsss! Akazunguka kulia, akanyunyiza. Kimya. Matone yakateremka taratibu.

"Ambia mama," nikamwambia mke wangu kwa furaha, "ya kushoto iko na homa! Si nilisema?"

Mama mkwe akacheka mpaka akashikilia mlango. "Ambia bwana yako, kikaango yenye iko baridi njo yenye haipike. Ile ingine inatumika peke yake, na yeye anaendelea kuipatia dawa."

Ndipo nikaelewa. Ukimshika mkono mmoja mtu anayekimbia, atageukia upande ulioshikwa. Lo! Kushoto kulikuwa kuzima, kunashika kwa nguvu zote. Kulia hakukushika kitu. Na plakete mpya nilikuwa nimempa aliye mzima, ndiyo maana akazidi kuvuta. Nikafungua kulia. Pistoni, ile inayosukuma plakete, imeganda kwa kutu kama imezaliwa humo. Nikaibadilisha pamoja na mpira wake, nikaweka plakete mpya, nikatoa hewa kwenye mafuta ya freni.

Alhamisi mama mkwe akapanda, lakini nyuma. Tulipoanza kuteremka kilima akasema: "Ambia bwana yako akamate freni."

Nikakamata. Gari likasimama nyoofu kama askari mbele ya bendera. Hakuna aliyeinama.

"Ambia yeye tena."

Mara saba tulisimama kabla ya dispansari, wenye pikipiki nyuma yetu wakitaja babu zangu wote. Mama mkwe akashuka, akachomwa sindano yake, akarudi akichechemea.

Akaupita mlango wa nyuma, akafungua wa mbele.