Mkanda Mmoja, Mioyo Tisa

Madam wetu wa michezo ana mkanda mmoja tu wa kupima mapigo ya moyo, nasi wakimbiaji tuko tisa. Kabla ya kumfunga mtu kifuani anaulowesha kwa maji, maana ukiwa mkavu hausomi, halafu anaupulizia pumzi yake ili usitushtue kwa baridi ya Mbozi asubuhi. Wenzetu wa shule ya Isansa walisema ni hirizi. "Basi njooni niwafunge na nyie," akawajibu, wakakimbia wakicheka. Namba zikitokea kwenye simu yake anaziitikia, "Eeh, eeh," kana kwamba moyo unampa habari za nyumbani.

Wiki moja kabla ya mashindano ya mkoa, namba zangu ziliruka ovyo: mia na themanini, tisini, mia mbili na kumi. "Mkanda umekufa huo, madam," nikamwambia, kwa sababu mbio za mita elfu tatu zilikuwa zangu na sikutaka kuondolewa. Hakubishana. Alijifunga mwenyewe, akavua viatu, akazunguka uwanja mara mbili na sketi yake ya ofisini, sisi tukimshangilia. Namba zake zilipanda taratibu, bila kuruka hata moja. Akarudi akihema, akanishika mkono. "Mkanda ni mzima, mwanangu. Kesho twende hospitali."

Nilimnunia njia nzima. Daktari akatueleza kwamba moyo wangu una hitilafu inayotibika, ila mbio zile zingeweza kuniua. Nilitaka kumwambia madam asante, lakini yeye alikuwa tayari anamuuliza daktari ni lini nitaruhusiwa kukimbia.