Mwaka wa mahindi ya manjano nilikuwa mkalimani wa watafiti, na nilichotafsiri kilituzikia mtoto

Wakuu, mwaka wenyewe siujui kwa namba, naujua kwa tumbo. Ni ule tulioanza kwa kula mbegu tulizoweka za kupanda, tukaingia majani makavu ya kunde, tukachemsha ngozi ya ng'ombe tuliyokuwa tukilalia, na mwisho kabisa ndio yakaja mahindi ya manjano ya msaada.

Wa rika langu wameshajua ni lini. Wakamba tuliuita Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nayo mkononi. Hata mwenye pesa alizunguka nayo sokoni bila cha kununua.

Nitasema ukweli, hata pale unaponivua nguo.

Kwanza mnijue. Mimi ni susu, nyanya kwa Kiswahili. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini msinidharau. Wajukuu wangu wana digrii. Siwahesabu, kwetu watoto hawahesabiwi, ila ukiwapanga wanajaza benchi nzima kanisani.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa upande wa Zombe, Kitui. Bwana yangu alikuwa kibarua Mombasa. Kabla ya kuolewa nilipikia madereva wa malori pale Mtito Andei, na huko ndiko nilipata Kiswahili. Kijijini wanawake wengine hawakukijua.

Sasa, siku moja ikaja Land Rover na watu watatu wa chuo kikuu. Ati ni research moja, lakini kila mtu na kazi yake.

Wa kwanza alikuwa wa udongo. Alichimba mashimo, akapima unyevu, akasimamisha chombo cha kupima mvua. Tulimcheka sana. Mvua yenyewe haipo, yeye amekuja kuipima.

Wa pili alikuwa dada mmoja wa Nairobi, wa kuuliza maswali. Alikuwa na makaratasi mengi na moyo mzuri, lakini Kikamba hakujua hata salamu.

Wa tatu alikuwa mzungu mrefu wa camera. Alikuwa anasomea mambo ya filamu, na Kiswahili chake kilikuwa kinaeleweka.

Wakaulizia nani anajua Kiswahili. Nikaitwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa kutembea na yule dada nyumba kwa nyumba, kutafsiri swali kwenda na jibu kurudi. Na wakuu, nilikula. Mchana nilikula wali na nyama ya mkebe kwenye hema lao. Jioni nilificha mkate kwa leso nikapelekea watoto wangu. Nilifunga mlango wakala.

Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa ya Kalekye, mke wa shemeji yangu. Tulichota maji pamoja, tulichekea mambo pamoja. Alikuwa na msichana mdogo, Mumbua, miaka kama minne. Mlango wangu ulifungwa hata kwa Mumbua. Huo ndio ukweli unaonivua nguo.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni hawezi kujua. Kwetu njaa ya nyumba haitolewi nje. Mama mkwe wetu alitufunza hivyo tukiwa bado mabibi harusi. Ukimwambia mtu baki kwamba hujapika, umemtukana bwana yako, umetukana ukoo. Afadhali uwashe moto mtupu ili jirani aone moshi. Na mgeni akija, unawapaka watoto mafuta kwa midomo ing'ae, ionekane wametoka kula.

Kwa hivyo nilijua, kabla hatujafika kwa Kalekye, nitakuta nini.

Nilikuta amefagia uwanja. Amevaa leso safi. Mumbua amekaa kwa mlango na midomo inang'aa mafuta. Mzungu akamwelekezea camera, mtoto akatabasamu.

Yule dada akauliza, "Jana mlikula mara ngapi?"

Nikatafsiri. Kalekye akaniangalia, akacheka kile kicheko chake cha pembeni.

"Mwambie tumeshiba mpaka mbwa anabeua."

"Kalekye, huyu anaandika," nikamwambia.

"Basi mwambie mara mbili. Aandike mara mbili."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko lake. Jivu lilikuwa baridi. Jivu la siku tatu unalijua, linalala kama vumbi, halina hata harufu ya moshi. Nililiona. Na mbwa tulikuwa hatuna tena, sitawaambia alienda wapi.

Nikageuka nikamwambia yule dada kwa Kiswahili changu cha Mtito Andei:

"Anasema wamekula mara mbili."

Akaandika. Camera ikachukua sauti yangu.

Siku kumi nilitembea naye hivyo. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyesema hajala. Wengine walisema mara mbili, wengine mara tatu, mmoja akasema wanakula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na nyama. Nyama gani, Mungu wangu? Nami nikatafsiri yote, neno kwa neno, kama ninasoma Biblia.

Wa udongo peke yake ndiye aliyeandika ukweli. Udongo hauna aibu. Alisema hapa hakuna kitakachoota. Lakini kitabu chake kilikuwa chake na kitabu cha dada kilikuwa cha dada, na sidhani walikaa chini wakasomeana.

Wakaondoka.

Halafu tukasikia mahindi ya manjano yameanza kugawiwa. Lori likapita kwetu likaenda location ya pili. Likapita tena. Wazee wakaenda kwa naibu wa chifu kuuliza kulikoni. Akawajibu kwamba watu wa chuo walipeleka karatasi kwa wakubwa, na kwa hiyo karatasi sisi tunakula mara mbili kwa siku. Tungoje wenye shida kwanza.

Wazee wakarudi wakatuuliza sisi wanawake. Kila mmoja akaangalia miguu yake.

Ndipo wakaanza kwenda kila wiki kulia huko, na aibu ikaisha kwa nguvu. Lori lilikuja mwishowe. Mumbua hakulingoja. Alianza kuharisha siku ya Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Alikuwa mwepesi mpaka shemeji yangu alimbeba kwa mkono mmoja.

Niliketi na Kalekye baada ya maziko. Nilitaka anitukane, nilijiandaa kabisa. Akaniambia tu:

"Ulisema nilichosema."

Hakuwahi kurudia maneno hayo, na mimi sijawahi kuyatoa kwa masikio. Alikufa miaka michache baadaye. Daktari alisema ni presha.

Miaka ya tisini nilikuwa nimehamia Mukuyuni, huku Makueni, nauza vyondo, vikapu vyetu vya kusuka, sokoni. Siku moja nikaona mzungu mrefu mwenye mvi amesimama mbele yangu. Ni yule wa camera. Sasa alikuwa profesa wa filamu, anaandika kuhusu jinsi watu wa njaa walivyopigwa picha.

Alikuja na ile filamu. Akaionyesha kwa ukuta wa chumba nyuma ya duka la rafiki yangu. Nikamwona Mumbua akitabasamu na midomo yake ya mafuta. Nikamsikia mwanamke kijana, sauti imejaa shibe, akisema wamekula mara mbili.

Nilimweleza profesa yote. Alilia, sitamsingizia, alilia kweli. Alikuwa ameamini ile midomo miaka yote.

Lakini alipomaliza kupangusa macho akaniomba kitu. Twende Zombe, nikae kwa mlango uleule wa Kalekye, wapate mtoto wa kukaa pale Mumbua alipokaa, niulizwe lile swali tena, na safari hii nijibu ukweli. Ati itasaidia wanafunzi kuelewa.

Nikamwambia, "Sitakaa hapo. Mumbua alikufa mara moja, na hiyo moja inatosha."

Alibembeleza siku mbili. Sikubadilisha hata neno.

Sasa nyinyi mnaosomea research, na najua humu mko wengi. Ukienda kuuliza watu habari ya njaa, usiulize mdomo. Angalia jivu. Funua sufuria. Na mkalimani wako muulize, akiwa peke yake, ameona nini, si ameambiwa nini. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Na wewe mwenye nyumba, ukiulizwa umekula na hujala, sema hujala. Heshima hailishi mtoto.

Aliye na la kusema aseme, hata kunilaumu. Kalekye hakunilaumu na sikupona, labda nyinyi mtaniweza. Wale wa mambo ya video, msijisumbue kunitafuta inbox na microphone zenu. Jibu mnalo tayari.

Sitakaa hapo. Mumbua alikufa mara moja, na hiyo moja inatosha.