Siku Nilipoota Moto wa Vyungu

Leo nacheka, lakini kwa muda mrefu ilikuwa nikisikia tu harufu ya majani yanayoungua, hata kama ni jirani anachoma takataka zake hapa Temeke, masikio yananiwaka na mkono unakwenda wenyewe kiunoni kuhakikisha kwamba nimevaa. Aibu ile niliipata mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, mbele ya wazee na mbele ya gulio zima, na sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe na koti nililoliacha msumarini.

Mnajua mke wangu Zaina, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa Pwani. Kwao ni Usambara, katika mji mdogo uliokaa bondeni, milima imeuzunguka pande zote hata jua linachelewa kuingia na linawahi kuondoka. Tulikuwa tukipanda huko kila alipopakumbuka kwao (na alipakumbuka mara nyingi), nami nikapapenda, maana watu wa mji ule mikono yao haitulii: huyu anachonga miiko na fimbo, yule anasuka vikapu, mwingine kazi yake ni kupaka kuta za nyumba udongo mwekundu na mweupe kwa michoro ya kumsimamisha mpita njia, na jioni zeze likilia nyumba hii litajibiwa nyumba ya ng'ambo ya mto. Mie fundi cherehani wa barazani, shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nikifika kule nilijiona nipo na wenzangu.

Wanawake wa kwao Zaina ni wafinyanzi, na mkubwa wao ni mama mkwe. Zaina alinieleza mapema kabisa kwamba wanapofinyanga na wanapochoma vyungu mwanamume hasogei. Hata mtu akimtaka mkewe kwa jambo la haraka husimama mbali akapiga ukelele, kwani mwanamume akikaribia, vyungu vinapasuka. Hilo nililijua. Nisichokijua ni mahali penyewe wanapochomea, maana nani angenionyesha?

Basi Zaina akaugua akiwa huko kwao, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mapea. Mtoto hatukujaliwa. Mwaka ulipokaribia kutimia, mjomba wake akanitumia salamu kwa dereva wa lori la mboga kwamba hitima itasomwa wakati wa kipupwe, nifike bila kukosa, "na baada ya hapo tutakupa ruhusa yako." Ruhusa yangu! Nilijua maana yake. Ni kuambiwa kwa heshima kwamba ukwe umekwisha, nikaoe kwingine, kila mtu ashike njia yake. Kwao ulikuwa wema wanaonitendea. Lakini kaburi liko nyuma ya nyumba yao, na mtu ambaye si mkwe tena anakwenda kutafuta nini nyuma ya nyumba za watu? Nilikosa usingizi kwa jambo hilo. Nikaazimia nifike nikiwa mkwe msafi, mpole, asiye na kasoro, labda watanionea huruma waniache niendelee kuja.

Nikajishonea kanzu mpya, nzuri, nimeizungushia kazi ya mkono shingoni. Asubuhi ya safari nikalitwaa koti langu la jeshi, zito, nililolinunua kwa askari aliyerudi vitani. Jirani yangu Kibwana, muuza kahawa, akaniona nimelitia begani na jasho linanitoka.

"Fundi, wenda Ulaya?"

"Naenda milimani, kule baridi."

"Sasa na hiyo kanzu uliyokesha nayo, utaivaa juu ya koti ili watu waione?"

Nikafikiri: kweli. Nikalirudisha koti msumarini. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo kama tundu la sindano, na mengine yote yalipitia humo.

Njiani nilikuwa sijambo mpaka tulipofika chini ya milima, nikapanda juu ya lori, nikakaa kwenye magunia matupu. Tulipoanza kukwea ukungu ukatufunika, wa maji maji, na baridi ikaniingia hata meno yakawa yanagongana nashindwa kujibu salamu. Nikashuka mjini kanzu imelowa. Nikaona aibu kupita gulioni nikitetemeka kama mwenye homa, nikasema nitazunguka kwa njia ya kijitoni nitokee nyuma ya nyumba, nijikung'ute kwanza. Kuvuka kijito, jiwe likateleza. Nikaingia mzima mzima, na mzigo wangu na kofia.

Nilipotoka majini sikuwa mkwe tena, nilikuwa tambara. Na hapo ndipo nikaona, kwenye kijibonde kilichozungukwa na migomba, rundo kubwa la majani makavu na magome likifuka moshi, na chini yake moto mwekundu mzuri, na hakuna mtu. (Wenyewe walikuwa wamekwenda kuchota maji ya magome ya kunyunyizia vyungu vikitoka motoni, nilikuja kuambiwa baadaye.) Mie nikajua ni mtu anasafisha shamba. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wallahi. Nikavua kanzu, nikaitundika kwenye vijiti karibu na moto. Nikavua kikoi, nacho nikakitundika. Nikabaki na suruali fupi ya ndani, na hapa lazima niseme ukweli: nilijishonea mwenyewe kwa mfuko wa unga, na nyuma yake picha ya jogoo ilikuwa haijatoka, pamoja na kufua kote.

Moto ulikuwa wa chini chini, mie nataka wa kuwaka. Nikachukua mti nikayafukua majani ili upepo uingie. Nikasikia pa! Nikadhani ni gome. Nikafukua zaidi. Pa! Papa! Nikainama kuchungulia ni kuni gani zinazolia namna ile, nikaona tumbo jeusi la chungu limepasuka kuanzia mdomoni mpaka chini, na pembeni yake kingine, na kingine.

Kabla sijanyanyuka nikasikia nyuma yangu, "Mwanamume! Mwanamume yuko motoni!"

Nikageuka. Wanawake wamesimama na vibuyu vyao, na mbele yao kabisa, mama mkwe.

Sasa muelewe, huyu mama kwa miaka yote ya ndoa yangu hatujawahi kusemezana uso kwa uso. Akiwa na neno anamwambia mdogo wake Zaina, anayeitwa Saumu, na Saumu ndiye ananiambia, hata kama tumo chumba kimoja. Nikimwona njiani napisha, natazama chini. Leo ananitazama, na mie nimevaa jogoo. Akajifunika uso kwa kanga akageuka, nami nikageuka ili nisimkabili, na kugeuka huko ndiko kulikowaonyesha wengine picha.

"Jamani, ana jogoo!"

"Shemeji Mrisho, ni wewe?" Hiyo sauti ya Saumu.

Nikarukia nguo zangu. Kanzu ilikuwa imeshaanza kushika moto kuanzia chini, kikoi kimebaki kipande cha kufungia dawa. Nikakimbia. Kwenye ua wa kwanza nikakuta kanga imeanikwa, nikajifunga (Mungu anisamehe, niliirudisha), nikachepuka uchochoroni nikidhani ndio wa kwenda nyumbani, kumbe unatokea katikati ya gulio. Na gulioni vijana wa beni walikuwa wakifanya mazoezi na ngoma zao na tarumbeta, wakaniona natoka mbio nimejifunga kanga ya maua, miguu ya matope, nyuma yangu wanawake na vibuyu. Hawakuuliza. Waliunga nyuma, wakapiga. Mchonga miiko akanyanyuka kwenye kigoda kunipungia. Yule wa kupaka kuta akashuka kwenye ngazi yake. Jinsi nilivyokuwa nikikimbia ndivyo ngoma ilivyokolea.

Nikauona mlango wa nyumba ya akina Zaina, nikaingia bila hodi. Ndani wazee wote wamekaa kwenye mikeka, na mjomba katikati, wananisubiri.

"Shikamooni," nikasema.

Wazee wakaitazama kanga ya maua. Kisha mjomba, mtu mwenye adabu sana, akasema taratibu, "Marahaba, mkwe. Karibu ukae. Pole na safari."

Nikakaa. Nilitamani ardhi ya pale sebuleni inimeze. Mara wanawake wakaingia, wakamwaga vigae mbele yangu mkekani, kimoja kimoja. Mama mkwe akapitia chumbani, akakaa nyuma ya pazia. Wazee wakaelezwa. Nilipoulizwa kama ni kweli nikasema kweli, yote, na moto niliufukua mimi, na kama vilipasuka kwa uanaume wangu au kwa upepo niliouingiza, sijui, lakini mkono ulikuwa wangu. Nikatazama vile vigae nikasema moyoni, basi, Mrisho, hata ruhusa yenyewe hutapewa kwa heshima, utafukuzwa.

Mjomba akakohoa. "Desturi inajulikana. Atatoa mbuzi, tumalize. Na yale mengine tuliyomwitia tuyamalize leo leo."

Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti. "Saumu, muulize mgeni alikuwa akitafuta nini kwenye moto wetu."

"Shemeji, unaulizwa ulitafuta nini."

"Mwambie nilisikia baridi. Koti nimeliacha Temeke."

"Anasema aliacha koti."

"Muulize aliliacha kwa nini."

"Mwambie nilitaka mwone kanzu."

Saumu akalifikisha na hilo. Kisha nikasikia kitu kama mtu amepaliwa. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alianza kwa kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka pazia likatikisika, kile kicheko cha kuvuta pumzi kwa ndani kama anayelia, na mimi nikajiinamia kwa sababu kilikuwa kicheko cha Zaina, hakikupungua kitu. Sikuwahi kujua alikitoa kwa nani. Saumu akashika mdomo, machozi yanamtoka, akaniambia polepole, "Shemeji, hajacheka tangu tulipomzika."

Alipotulia akasema, safari hii hakumtaja Saumu. "Mbuzi ataliwa leo, kesho amesahauliwa. Mimi nataka vyungu vyangu. Huyu atakuja kila msimu tunapochoma, akate majani makavu kwa mikono yake, ayaweke pale kwenye mgomba wa mwisho, asipite hapo. Mpaka vilivyopasuka vyote virudi."

Mjomba akasema, "Lakini dada, tulikubaliana tumpe ruhusa yake."

"Nimwache aende na deni la vyungu? Wewe umeliona wapi hilo?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni kweli, mwenye deni haruhusiwi kuondoka kwenye ukoo. Yakaishia hapo. Hitima ikasomwa kesho yake, nami nimevaa kanzu ya mjomba iliyonifikia magotini.

Basi ndivyo nilivyoanza kuupanda mlima kila msimu. Masika nakwenda kwa miguu sehemu ya juu, lori limekwama kwenye tope, na mji mzima unanuka udongo mbichi, na yule wa kupaka kuta anasikitika michoro yake inavyochuruzika naye amekwisha kuchanganya mipya. Kipupwe ukungu unaingia hadi ndani ya misikiti. Vuli wanasuka vikapu barazani huku mvua ndogo inanyesha juani. Kiangazi mapea yanaanguka juu ya kaburi, nayaokota, nasoma fatiha, nayala nikiwa nimekaa hapo hapo, na hakuna anayeniuliza natafuta nini nyuma ya nyumba. Naweka majani kwenye mgomba wa mwisho, narudi nyuma, napiga ukelele wanijue nimefika. Vijana wa beni wakiniona wanapiga ile ngoma ya siku ile, nami huwapungia.

Safari iliyopita Saumu alinisindikiza mpaka kwenye lori. Akaniambia, "Shemeji, nikwambie kitu? Vyungu vile vimerudi zamani. Ghala limejaa."

"Na mama je, anajua?"

"Si ndiye anayevihesabu?"

Nikarudi naye hatua chache mpaka nyumbani kwao, nikasimama uani nikatazama chini kama kawaida. "Saumu, muulize mama kama deni limekwisha."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta. "Mwambie bado."

Nikapanda lori. Nimeapa sitaondoka tena Temeke bila koti, hata Kibwana aseme nini, na sitaota moto wa mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe. Suruali za ndani siku hizi nashona kwa marekani nyeupe, isiyo na picha. Lakini lile neno "bado" kila likinijia nalipokea kwa mikono miwili, nasema alhamdulillahi, nawahi nyumbani kunoa mundu.