Umande Kwenye Pareto

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini watu wa siku hizi wanapenda vya wizi kuliko vya jasho. Wanataka nijibu kwamba sisi wa zamani tulikuwa wema. Huwa naomba chai.

Miaka ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzijuzi, tukiishi kwenye shamba la mzungu mmoja huko juu, upande wa Keringet, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Sisi wanawake tulichuma maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, na kulipwa kwa uzito. Sheria ilikuwa usiguse ua mpaka jua likaushe umande. Ua lililolowa ni zito kwenye mizani, lakini likifika kwenye banda la kukaushia linavunda na kuharibu mengine. Aliyepatikana nalo alifukuzwa, yeye, mume, watoto na sufuria zao. Nyumba ilikuwa ya mzungu, na sisi hatukuwa na kwingine pa kwenda.

Mama mkwe wangu alichuma na umande. Alitoka alfajiri akisema anatafuta kuni, akarudi na kuni chache mno, nguo imelowa hadi magotini. Maua yake mabichi yalikaa chini ya kikapu, makavu juu. Nilipojua, chakula kilinishinda. Nyapara akikohoa tu, moyo unaruka. Lakini mtu anaanzaje kumkosoa mama wa mumewe, naye bado anahesabiwa mgeni jikoni kwake? Ilinichukua wiki nzima kufungua mdomo.

"Mama, tutafukuzwa."

"Nimechuma makavu hapa miaka mingi," alisema, vidole vikiendelea na kazi. "Kuna mtu amewahi kunipa hata pole?"

Alichosema kilikuwa kweli, na hilo lilinitisha zaidi.

Kisha maua yakavunda bandani. Jioni hiyo nyapara alisimama kwenye mizani na hasira zake, akawa anatumbukiza mkono katika kila kikapu hadi kiwiko. Sisi tulikuwa wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya kona ya banda. Nilimtazama mama mkwe, uso umemwisha damu. Sikufikiri. Nilichukua kikapu chake, nikamwaga maua yote kwenye majani marefu, nikamjazia ya kwangu zaidi ya nusu.

Nyapara alipekua kikapu chake, akakuta makavu tupu. Akapekua changu, akakiinua juu ili kila mtu aone.

"Hii ndiyo kazi ya siku nzima? Mama mzee kama huyu amekushinda? Wewe ni mvivu sana."

Wanawake walicheka. Mama mkwe naye alicheka. Labda ulikuwa woga, sijui, sikuwahi kumuuliza. Nilirudi nyumbani macho chini, nimechemka kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimechuma kwa haki tangu nifike, na mimi ndiye niliyeinuliwa mbele ya watu kama mfano wa uvivu.

Kesho yake nilitoka kabla yake. Hakuna aliyenituma. Nilichuma haraka haraka nikitazama mlima kwa hofu jua lisije likatokea mapema, maji yakinitiririka mikononi, na kila mlio wa ndege ulinifanya nichutame. Niliwaza nyumba, nikawaza mume wangu akibeba godoro barabarani. Niliendelea kuchuma.

Jioni nilifika kwenye mizani. Nyapara aliangalia sindano ikishuka, akatabasamu. Hakutumbukiza mkono. Jana yake si alikuwa ameona kwamba maua yangu ni makavu?

"Unaona sasa?" aliniambia. "Ukitaka kufanya kazi, unaweza."

Nikamwambia asante, nikasogea ili mama mkwe apimiwe.